KITANDA KWANZA, SOFA BAADAYE



Leo tuzungumze juu ya samani. Samani ni vyombo vya ndani kama vile kitanda, meza, kiti, benchi na kabati.

Ukipita Kibiti au Bungu, kando ya barabara kuu iendayo Lindi, utawaona mafundi seremala wakifanya kazi. Mbele ya karakana zao wamepanga vitanda, makabati na sofa. Sofa nyingine zimefunikwa nailoni ili zisishike vumbi. Wapita njia husimama, hugusa, huuliza bei. Wengi huondoka huku wanatamani.

Kutamani kitu kizuri si kosa. Kila mtu anapenda nyumba yake ipendeze. Mwenye nyumba ya bati anapenda, na mwenye nyumba ya makuti anapenda vile vile.

Lakini tuingie ndani ya baadhi ya nyumba. Sebuleni kuna sofa. Pembeni kuna kabati la vioo, na ndani yake mna vikombe ambavyo havijanywewa chai hata siku moja. Watoto hawaruhusiwi kukaa hapo. Sasa tufungue mlango wa chumba cha pili. Watoto wanne wamelala sakafuni, juu ya mbacha mmoja. Mbacha ni mkeka uliochakaa.

Je, nyumba hiyo imepambwa? Mimi nasema haijapambwa. Imepambwa sebule tu, kwa ajili ya mgeni anayekuja mara mbili kwa mwezi. Wenye nyumba wanaolala humo kila siku wamesahauliwa.

Maoni yangu ni haya. Nyumba nzuri ni ile inayowatunza wanaoishi ndani yake. Kwa hiyo kitanda cha mtoto kije kwanza. Sofa ije baadaye, kama fedha zipo. Na uzuri wa nyumba tuuanze kwa vitu ambavyo mikono yetu inaweza kuvitengeneza. Nitaeleza sababu zangu. Wewe zipime. Kama hukubaliani nami, sema darasani.

KWA NINI KITANDA?

Sakafu nyingi za vijiji vyetu ni za udongo. Udongo una unyevu. Wakati wa masika unyevu huzidi, na katika delta maji yako karibu sana na uso wa ardhi. Mtoto anayelala chini hupata baridi usiku kucha.

Tena, chini kuna wadudu. Kuna siafu na nge. Kuna papasi, wanaojificha katika nyufa za sakafu na kuta. Usiku papasi hutoka kumnyonya damu mtu aliyelala. Papasi wanaweza kuambukiza ugonjwa unaoitwa homa ya papasi. Nyoka naye hupita sakafuni akifuata panya.

Kuna jambo la chandarua pia. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Chandarua humzuia, lakini lazima pindo zake zichomekwe vizuri chini ya godoro au mkeka. Watoto wanne wakibanana juu ya mkeka mmoja, mmoja hujigeuza, mguu hutoka nje, na pindo huchomoka. Kitanda kina mahali pa kuchomeka chandarua, na ni rahisi kufunga kamba zake juu.

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Katika bonde la Rufiji wakulima wa mpunga walijenga madungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Kutoka juu waliwalinda mpunga na ndege, nguruwe na viboko. Mto ulipofurika, maji yalipita chini, wao wakalala juu. Kulala juu si ufahari wa watu wa mjini. Ni akili ya babu zetu.

Tukumbuke pia mafuriko. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wengi wa bonde la Rufiji kwenda kwenye miinuko, katika vijiji vya ujamaa. Mwezi Aprili mwaka 2024 maji yaliingia tena katika nyumba nyingi za wilaya za Rufiji na Kibiti. Maji yakiingia ndani, sofa inakuwaje? Sponji yake hunywa maji, huoza na kunuka. Kabati la mbao za unga uliogandishwa kwa gundi huvimba na kubomoka. Kitanda cha kamba utakiosha, utakianika juani, utakikaza kamba, nawe utakilalia tena.

TUFANYE HESABU

Wengi hawana fedha taslimu za kununua sofa. Hukopa. Basi chukua kalamu, tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu.

Tuseme sofa inauzwa shilingi 900,000. Wewe una shilingi 300,000. Unakopa shilingi 600,000 kwa miezi 6. Mkopeshaji anataka riba ya shilingi 10 kwa kila shilingi 100, kila mwezi.

Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 60,000.
Riba ya miezi 6 ni shilingi 360,000.
Sofa ya shilingi 900,000 imekugharimu shilingi 1,260,000.

Umelipa shilingi 360,000 ambazo hukuzikalia wala hukuzilalia. Zimekwenda kwa mkopeshaji. Je, korosho zikikosa bei mwaka huo? Je, mvua ikizidi na mpunga ukaoza? Mkopeshaji hatangoja. Atakuja kuichukua sofa yenyewe, na pengine na baiskeli juu yake. Ndiyo maana watu wameipa baadhi ya mikopo hiyo jina la "kausha damu." Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Sasa tuzirudie zile shilingi 300,000 ulizokuwa nazo mkononi. Tuseme fundi anatengeneza kitanda cha mbao cha futi tatu na nusu kwa sita kwa shilingi 120,000. Vitanda viwili ni shilingi 240,000. Zimebaki shilingi 60,000 za chandarua na mbao za meza ndogo. Watoto wanne wametoka chini, na hudaiwi na mtu.

Ukirudi nyumbani andika bei za kijijini kwenu badala ya hizi, ufanye hesabu upya. Hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma na kuhesabu. Na kama ni lazima kukopa, kumbuka kwamba ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa sheria hiyo mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Mwombe akuonyeshe leseni. Soma karatasi yote kabla ya kutia sahihi. Zamani ulitia dole gumba bila kujua kilichoandikwa. Sasa unajua kusoma.

"WATU WATATUCHEKA"

Najua watu wengine watanijibu hivi: "Mgeni lazima aheshimiwe. Wakija wakwe, tutawakalisha wapi? Watu watatucheka."

Hoja hii si ya kupuuzwa. Sisi watu wa Pwani tunapenda wageni. Tunasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tujiulize, mgeni anaheshimiwa kwa nini? Anaheshimiwa kwa uso mkunjufu, maji ya kunawa, chakula, na mahali safi pa kukaa. Mkeka mpya wa rangi ukitandikwa barazani ni heshima kamili. Mgeni mzee asiyeweza kukaa chini apewe kiti imara chenye mahali pa kuegemea mgongo. Viti viwili au vitatu vya namna hiyo na benchi moja vinatosha nyumba nyingi.

Wengine watasema: "Fedha ni zangu, nimezitoa jasho, acha nami nifurahi." Ni kweli, fedha ni zako. Kama watoto wote wana vitanda, ada na sare zimelipwa, na sofa unainunua bila deni, nunua, nami nitakuja kuikalia. Mimi sikatai sofa. Nakataa sofa iliyotangulia kitanda.

Hata hivyo, wewe unayeishi visiwani katika delta, fikiri mara mbili. Sofa itatoka Kibiti kwa gari hadi Nyamisati. Hapo itapakiwa katika boti kwenda Kiomboni au Mbwera. Itarushiwa maji ya chumvi njiani. Ikifika, pengine haitapita mlangoni. Na ikipita, itakuwa makao ya panya na ukungu.

TUSIDHARAU VYA KWETU

Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii yenyewe inazungumza habari za mikeka. Inatuonya tusitupe kilicho chetu kwa kutamani kinachopita.

Sisi watu wa Rufiji na Kibiti tuna sababu ya kujivunia vya kwetu. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za mikoko ya Rufiji na kuzipeleka Unguja, na hata Uarabuni, katika nchi kama Omani na Kuwait. Huko matajiri walijenga majumba makubwa ya mawe. Lakini vyumba vyao vilikuwa vyembamba, upana wa kama mita 3 tu. Kwa nini? Kwa sababu boriti ndizo zilizobeba dari, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba. Tajiri yule alipima chumba chake kwa mti wa kwetu.

Leo pia hoteli za wageni huko Unguja hupambwa kwa mikeka na vikapu vya ukili. Wageni kutoka Ulaya hulipa fedha nyingi kulala katika vyumba hivyo. Lakini kwetu mama anayesuka mkeka mzuri huupeleka sokoni, naye mwenyewe hulalia mbacha. Akina mama, uzeni mikeka, lakini mmoja katika kila mitano ubaki nyumbani. Msukaji naye ni mtu.

MAMBO MATANO YA KUTENGENEZA

Haya ni mambo matano yanayowezekana katika nyumba ya kawaida. Usiyafanye yote siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

1. Kitanda cha kamba. Kina matendegu manne, mifumbati miwili na vitakizo viwili. Matendegu ni miguu. Mifumbati ni miti mirefu ya ubavuni. Vitakizo ni miti mifupi, mmoja upande wa kichwa na mwingine upande wa miguu. Mwambie fundi achonge ndimi zinazoingia barabara katika matundu. Kitanda cha misumari mitupu hulegea upesi. Kikiisha kuungwa, kiwambe kwa kamba ya miyaa au ya usumba wa nazi. Usumba tunao: makumbi hufukiwa katika matope kwa miezi kadhaa, kisha hupondwa mpaka nyuzi zibaki, nazo nyuzi husokotwa kamba. Kitanda hiki hupitisha hewa. Ukitandika mkeka juu yake, unaweza kulala bila godoro mpaka utakapopata fedha za godoro. Kamba zikilegea, zikaze. Kunguni wakiingia, kitoe juani na umwagie maji ya moto katika maungio.

2. Meza na benchi. Mtoto anayeandika juu ya magoti hapati mwandiko mzuri. Tengeneza meza moja imara. Mchana ni ya chakula, jioni ni ya masomo. Iweke karibu na dirisha. Pembe zake zipigwe msasa ziwe mviringo, maana mtoto mdogo akikimbia, pembe ya meza huwa sawa na jicho lake. Angalia pia misumari isitokeze.

3. Rafu ya juu. Pigilia ubao ukutani, mahali asipofika mtoto. Huko ndiko kwa dawa, mafuta ya taa, viberiti na dawa za kuua wadudu wa korosho. Usiweke sumu wala mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto atadhani ni soda. Ubao wa pili uwe wa vitabu na madaftari.

4. Mkeka wa rangi. Ukindu ukikauka, uchane, uchemshe katika rangi, uanike tena, kisha usuke ukili na kuushona. Chagua rangi mbili au tatu zinazopatana. Mkeka mmoja mkubwa hubadilisha sura ya chumba kizima. Usiutandike juu ya sakafu yenye maji, na kila asubuhi uukung'ute.

5. Kuta. Ziba nyufa zote kwa kukandika upya, kwa sababu ndimo wanamojificha papasi. Kisha paka chokaa au udongo mweupe. Chumba cheupe hupata mwanga zaidi, hata kwa taa ndogo ya jua. Kanga iliyochakaa hufaa kuwa pazia. Kitambaa cha kufuma hufaa mezani. Lakini chandarua kisigeuzwe pazia wala wavu wa dagaa. Kazi yake ni kitandani.

Fedha kidogo, mikono miwili na fundi mmoja vinatosha kwa mambo haya yote. Kama mna kikundi, saidianeni. Wiki hii mkandike nyumba ya mmoja, wiki ijayo ya mwingine. Mnapoweka akiba kila wiki, leo apate kitanda huyu, mwezi ujao apate yule.

MBAO ZITOKE WAPI?

Hapa pana hatari. Tukisema kila mtoto apate kitanda, tusiende kuumaliza msitu.

Misitu ya mikoko ni hifadhi ya Serikali. Mikoko ya delta yetu inakaribia nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya maeneo oevu muhimu ya dunia. Mikoko huzuia mawimbi yasile ardhi, na katika mizizi yake hukua samaki na kamba tunaowala. Wazee walipenda mkomafi kwa vitanda na fremu za madirisha. Mbao zake ni nzuri kweli. Lakini leo usikate mkomafi wala mkoko wowote bila kibali. Waulize kwanza watu wa misitu.

Miti ya bara nayo imepungua. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Lilitutoa katika taabu ya kungoja kivuko. Lakini malori ya mbao nayo yalipata njia. Mininga na mikongo mingi ilikatwa na kupelekwa Dar es Salaam na nchi za nje. Kijiji kilibaki na visiki. Basi ukinunua mbao, uliza kama zina kibali. Mbao za wizi ni rahisi leo, lakini mjukuu wako ndiye atakayelipa.

Njia nyingine iko shambani mwako. Mnazi uliozeeka au uliokufa hutoa mbao. Upande wa nje wa shina, karibu na gome, ni mgumu na unafaa kwa vitanda, viti na meza. Kiini chake ni laini, usikitumie kwa samani. Mwembe uliozeeka nao hutoa mbao, lakini lazima zikaushwe vizuri na kupakwa dawa, kwa sababu wadudu wanazipenda. Na kila anayekata mti mmoja apande miwili. Mtoto unayemtengenezea kitanda leo, kesho atataka kitanda cha mtoto wake.

BABA NA MAMA WAKAE PAMOJA

Neno langu la mwisho ni hili. Mara nyingi fedha za korosho zikiingia, baba peke yake ndiye anayeamua. Au mama huficha fedha zake za mikeka, akanunua kabati kwa siri. Matokeo yake ni ugomvi, na watoto wanabaki pale pale chini.

Basi kabla ya msimu ujao, baba na mama wakae pamoja. Wahesabu watu wanaolala katika nyumba yao. Wahesabu vitanda. Wahesabu vyandarua. Waandike tofauti katika daftari. Kama watu ni saba na kitanda ni kimoja, hapo kazi ya kwanza inajulikana. Haihitaji mkutano.

Nyumba ikiisha kuwa na kitanda kwa kila anayelala, meza kwa kila anayesoma, na rafu kwa kila cha hatari, hiyo ni nyumba iliyopambwa. Mgeni akiingia ataona mkeka mzuri, kuta nyeupe, na watoto wenye afya. Akikucheka kwa kukosa sofa, mpe kiti, mpe maji, na umwache acheke.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mwandishi anasema nyumba nzuri ni ipi? Je, unakubaliana naye?
2. Taja hatari tatu za kulala sakafuni.
3. Tuseme umekopa shilingi 200,000 kwa miezi 4, kwa riba ya shilingi 10 kwa kila shilingi 100 kila mwezi. Utalipa riba kiasi gani? Utalipa jumla kiasi gani?
4. Katika kijiji chenu ni nani wanaojua kuwamba kitanda, kusokota kamba na kusuka mikeka? Je, vijana wanajifunza kwao?
5. Je, wakwe wakija, ni aibu kuwakalisha mkekani? Wanaosema ndiyo wakae upande mmoja, wanaosema siyo upande wa pili, na kila upande utoe sababu zake.
6. Nyumbani kwako wanalala watu wangapi? Kuna vitanda vingapi? Andika jibu katika daftari lako.